Lupus Ikinyamaza

(Nilisema haya Tanga, tarehe 10 Mei, Siku ya Lupus Duniani, mbele ya wagonjwa, ndugu zao na wahudumu wa afya. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Wakubwa zangu shikamooni. Rika langu, habari za asubuhi. Wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Mgeni rasmi na madaktari wetu, naomba itifaki ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo mguu huu hautanifikisha mwisho. Mniruhusu niegemee meza. Bakora hii si ya mapambo, nitawaeleza ilikotoka.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kliniki, kwenye benchi lile mnalolijua, la kufika saa kumi na mbili asubuhi na kuitwa saa tano. Kando yangu alikaa binti wa miaka kama ishirini, mtandio ameuvuta mpaka karibu na macho. Mama yake alikuwa ameshikilia bahasha ya majibu kifuani kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja. Binti akaniinamia akaninong'oneza, "Dada, hii kitu inaua?" Kabla sijafungua mdomo akaitwa ndani. Nikabaki na jibu langu. Leo nimekuja nalo.

Jibu fupi ni hili: zamani iliua wengi, tena upesi. Siku hizi anayeijua mapema na kupata dawa ana nafasi kubwa ya kuona wajukuu. Ila lupus ina tabia moja. Mwanzo huja na kelele, homa, maungo, vipele, na kila mtu nyumbani anahangaika. Halafu inanyamaza. Mimi naiogopa zaidi ikiwa imenyamaza, na nitatumia muda wangu mwingi hapo.

Kwanza kwa wageni. Mnakumbuka sungusungu? Vijana wa kijiji wanaolinda usiku wasiingie wezi. Kinga ya mwili ndiyo sungusungu wetu. Kwa mtu mwenye lupus, sungusungu wamechanganyikiwa: wanamkamata mwenye nyumba, wanampiga, wanavunja na milango. Leo wanaingia kwenye viungo, kesho kwenye ngozi, keshokutwa kwenye figo, utando wa moyo au damu yenyewe. Ndiyo maana dawa zetu nyingi ni za kuwatuliza sungusungu hao. Na ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu anamuuzia mgonjwa wa lupus unga wa "kuongeza kinga". Unawaongezea marungu?

Haiambukizi. Narudia, haiambukizi, na si ukimwi. Nimepimwa ukimwi mara saba, kwa sababu kila niliyekwenda kwake aliona nywele zinakatika, mwili unakwisha, vipele usoni, akajisemea moyoni alichojisemea. Mtaani hawakuhitaji hata kipimo. Jina lenyewe, lupus, ni Kilatini, maana yake mbwa mwitu wa Ulaya. Waganga wa zamani kule waliona vidonda vya usoni kama mtu aliyetafunwa. Kwetu wangeuona kwanza nadhani tungeuita fisi.

Katika kila watu wazima 10 wenye lupus, 9 ni wanawake, na huanza hasa katika umri wa kuzaa, miaka 15 hadi 44. Sisi wenye asili ya Afrika hutupata zaidi na hutushika vikali zaidi. Vitabu vinasema upele wa kipepeo ni mwekundu, unakaa kwenye mashavu na kuvuka pua. Uso wangu mimi haujawahi kuwa mwekundu. Ulikuwa mweusi wa zambarau, kama mtu aliyeungua na mvuke wa sufuria. Nimeambiwa na watu wanne tofauti niache mkorogo, wakati sijawahi kujipaka mkorogo maisha yangu yote.

Sasa niwapeleke 2008. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 26, nina mimba ya kwanza. Kliniki ya wajawazito wakanipima damu, muuguzi akaniita pembeni, sauti ameishusha: "Mama, kaswende imesoma. Umlete baba." Baba akaja, akapimwa, hana kitu. Nyie watu wazima, sihitaji kuwasimulia usiku ule ulivyokuwa. Nilichomwa sindano za penisilini wiki tatu mfululizo. Mama mkwe hakunitamkia neno, Mungu amrehemu, lakini kuanzia siku ile kikombe changu cha chai kikakaa peke yake upande wa pili wa kabati. Mimba ikaingia mwezi wa tano, mtoto akafia tumboni.

Miaka ilipita ndipo nikaelewa. Kipimo kile cha zamani cha kaswende, VDRL, hakitafuti mdudu wa kaswende. Kinatafuta askari wa damu, yaani kingamwili, wanaokamata aina fulani ya mafuta, kadiolipini. Baadhi yetu wenye lupus tunao askari hao bila kuwa na kaswende hata chembe. Na haohao ndio wanaogandisha damu, wanaziba mishipa ya kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula. Daktari Graham Hughes na wenzake waliueleza ugonjwa huo wa damu kuganda mwaka 1983, kule London. Mimi nililala na tuhuma ya uzinzi miaka 25 baadaye. Wauguzi mliopo hapa, sina kinyongo, mlifundishwa hivyo. Ninachoomba ni kimoja: mama akisoma kaswende na baba hana, na mimba zinaharibika, kabla hamjaita kikao cha ndoa pimeni kwa kipimo kinachomtafuta mdudu mwenyewe. Halafu mumuulize kama viungo vinamuuma.

Mwaka uliofuata vikaanza kuniuma. Asubuhi vidole havikunji. Nilikuwa nashindwa kufunga kanga, namwita mdogo wangu anifunge kama mtoto. Chaki inaanguka. Nimetibiwa malaria, nimetibiwa taifodi, nimeambiwa ni baridi yabisi, nimepelekwa kwa mtaalamu mmoja Handeni akasema kuna mtu wa ukoo ameufukia unyayo wangu. Aliyeniokoa alikuwa daktari kijana aliye mafunzoni, sidhani kama alikuwa hata na miezi sita kazini. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dada, ukipigwa na jua unajisikiaje?" Nikamwambia siku za paredi, nikisimama uwanjani na wanafunzi nusu saa, kesho yake siamki. Akanipa kikopo. "Kaniletee mkojo." Mkojo ulikuwa na protini na damu. Kwenda hospitali kubwa, vipimo vya damu, jina likapatikana.

Hapo ndipo nilipouliza na mimi swali la yule binti. Nimelitafuta jibu lake tangu siku hiyo, nikisoma, nikiwasumbua madaktari. Miaka ya 1950, wagonjwa waliofuatiliwa pale Baltimore, Marekani, karibu nusu walikuwa wamefariki ndani ya miaka minne au mitano. Na hao walikuwa na bahati ya kuwa karibu na hospitali kubwa. Leo, katika nchi ambako dawa na vipimo havikatiki, zaidi ya 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5, na baada ya miaka 10 bado ni karibu 9 kati ya 10. Hizo ni hesabu za huko. Huku kwetu tunachelewa kujulikana, na anayejulikana figo zikiwa zimeshaharibika hawezi kupewa hesabu ile ile ya mtu aliyejulikana kwa upele tu. Siwezi kuwadanganya kwa hilo.

Na wastani si mtu. Binti wa benchini hatakufa asilimia kumi.

Nilipewa prednisoloni, dawa ya jamii ya homoni ya kuwatuliza sungusungu, na wenzake, na ndani ya wiki mbili nilikuwa mtu mpya. Nafagia, nafua, naimba. Baada ya miezi minane uso ulikuwa umejaa kama mwezi wa kumi na nne, mashavu yanakutana na macho. Mtaani wakaanza: "Mwalimu umenawiri! Mume anakutunza." Watu wale wale walioninong'ona ukimwi. Nikajitazama kwenye kioo, nikasema mtu anayenawiri hivi anaumwa nini? Maumivu hakuna, homa hakuna, kanisani nimeombewa. Siku moja ya Alhamisi nikafunga mfuko wa dawa, nikautia chini ya kitanda.

Jumatano iliyofuata niliangukia darasani. Kutapika, kizunguzungu, presha imeshuka mpaka daktari anapima mara mbili. Kumbe ukimeza vidonge vile kwa muda mrefu, tezi zilizokaa juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya aina hiyo, zinalala usingizi. Ukikata ghafla mwili unabaki mikono mitupu. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, na anayepunguza ni daktari. Nilipotoka kwenye hatari hiyo lupus yenyewe ikaamka: miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, mkojo una povu kama omo. Wakanichoma sindano ya kuchukua kinyama cha figo. Daraja la nne, yaani figo zimeshambuliwa vikali. Nikatundikiwa saiklofosfamaidi, dawa kali ya kuwatuliza sungusungu, kila mwezi kwa miezi sita, na siku sita za mwisho wa kila mwezi sikuweza kuvumilia hata harufu ya wali.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Figo zangu zilikuwa zinaliwa kabla sijaanguka, katika miezi ile ya kunawiri, na sikusikia hata kichomi. Karibu nusu ya wagonjwa wa lupus figo zao huguswa wakati fulani, na figo haina tabia ya kulia. Kijiti cha kupimia mkojo ni kitu cha bei ndogo kuliko soda mbili. Kliniki ikikuona umependeza ikataka kukurudisha bila kupima mkojo, kaa kwenye benchi. Sema kwa adabu, "Daktari, naomba kijiti." Mimi siku hizi nikijisaidia asubuhi naangalia povu kama mvuvi anavyoangalia bahari. Mume wangu anacheka. Acheke.

Sasa nifike kwenye dawa ninayoipenda, maana kuna dawa mtu anameza kwa hofu na nyingine kwa mapenzi. Wakubwa zangu mnaikumbuka klorokwini? Ile ya malaria, ya kuwasha! Ukimeza usiku unajikuna mpaka asubuhi, unatafuta gunzi la muhindi. Tanzania tuliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vijidudu viliizoea. Ina ndugu yake, haidroksiklorokwini, wengine mnaijua kwa jina la Plaquenil. Wakati wa vita kuu ya pili askari waliopewa dawa jamaa na hizo ili wasiugue malaria, baadhi yao wenye upele na maungo waliona yanapungua. Habari ikawafikia madaktari, na kufikia miaka ya 1950 haidroksiklorokwini ilikuwa sokoni. Haitulizi moto mkubwa, kwa hiyo watu wanaidharau. Unameza mwezi wa kwanza huoni kitu.

Lakini sikilizeni jaribio hili la Kanada la 1991. Wakachukua wagonjwa 47 ambao lupus yao ilikuwa imetulia, wote wanatumia haidroksiklorokwini. Wakawagawa: 25 wakaendelea nayo, 22 wakabadilishiwa kidonge kisicho na dawa ndani, bila kuambiwa nani kapata nini. Miezi sita hivi. Walioendelea, 9 waliamshwa na ugonjwa. Wale wengine, 16 kati ya 22. Mtu aliyetulia, anayejiona hana haja ya dawa! Tangu nisome hesabu hiyo mfuko haujarudi chini ya kitanda.

Nyumbani nina kipande cha trei ya mayai, mashimo saba. Binti yangu ameyaandika kwa kalamu ya wino: J3, J4, J5, Alh, Ijm, J1, J2. Kila Jumapili usiku tunapanga vidonge pamoja. Shimo likionekana bado limejaa jioni, nasutwa na mtoto. Ni bora kuliko simu, simu inazima chaji.

Kipimo cha dawa hii hufuata uzito wako, isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, kwa sababu ikizidi kwa miaka mingi inaweza kudhuru pazia la nyuma ya jicho. Upimwe macho ukianza, na ukishafika miaka mitano upimwe kila mwaka. Watu wanasikia "macho" wanaacha dawa. Pimeni macho, msiache dawa.

Mwaka 2020 wengi wenu mnakumbuka. Ikatangazwa huko Marekani kwamba eti inatibu korona, dunia nzima ikakimbilia. Nilizunguka maduka ya dawa hapa mjini nikaambiwa imekwisha, niliyoipata ilikuwa bei ya mbuzi. Korona haikutibika nayo, majaribio makubwa yalionyesha hivyo baadaye, lakini sisi tulikuwa tumeshalala bila dawa. Daktari wangu akaniambia nisipaniki, dawa hii hukaa mwilini kwa wiki nyingi, tukapanga kumeza siku moja na kuruka moja mpaka nyingine ipatikane. Kuanzia hapo nina akiba ya mwezi mmoja ndani ya kopo la Blue Band, na mtu asiniulize liko wapi.

Nasema kimya ni hatari, na sitaki mdhani nazungumzia figo tu. Mwaka 1976 daktari Murray Urowitz wa Toronto na wenzake walitazama wagonjwa wao waliofariki wakaona vifo vina misimu miwili. Waliokufa mapema waliuawa na lupus yenyewe ikiwa imewaka, au na maambukizi, kwa kuwa dawa zimepunguza kinga. Waliokufa miaka mingi baadaye walikufa moyo. Lupus yao imepoa, wao wamekwenda kwa mshtuko wa moyo. Mwaka 1997 watafiti wa Pittsburgh wakahesabu: wanawake wenye lupus wa miaka 35 hadi 44 walipata mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 wakilinganishwa na wanawake wa rika lao wasio na lupus. Mara hamsini! Mama wa miaka 40 akija na maumivu ya kifua, zahanati inampa dawa ya vidonda vya tumbo, nani anamfikiria moyo?

Kwa hiyo presha yangu ni ugonjwa wangu wa pili, naipima kila Jumamosi. Chumvi nimeipunguza mpaka watoto wanabeba ya kwao mezani. Sigara sitaki hata kukaa upepo wake. Natembea, kwa bakora, lakini natembea.

Bakora. Mwaka 2018 nyonga ya kushoto ilianza kuuma nikipanda daladala. Picha ikaonyesha kichwa cha mfupa kimekosa damu, kimeporomoka upande mmoja kama andazi lililokaliwa. Ni malipo ya prednisoloni nyingi za miaka ile. Sijutii kuimeza, iliniokoa. Ila ndiyo sababu madaktari wa leo wanahangaika kuishusha hadi vidonge kidogo kabisa, au kuiacha mgonjwa akitulia. Mwulize daktari wako kila safari: tunaweza kushuka? Muulize. Usishuke mwenyewe, nimeshawaeleza yaliyonikuta.

Jua nalipitia haraka kwa sababu mnaona nilivyovaa. Mikono mirefu, mwavuli, kofia. Ndugu zetu wenye ualbino wametutangulia katika elimu hii, na mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa pale hospitali ya KCMC, Moshi, yalianza kwa ajili yao. Mwalimu mkuu wangu, namshukuru, alinitoa kwenye paredi na somo la michezo. Mwaka wa kwanza walimu wenzangu walisema najidekeza.

Lingine la haraka: Septrini. Dawa hii ipo kila duka, kila mtu akikohoa anaimeza. Dawa za jamii ya salfa zina tabia ya kuleta mzio na kuamsha lupus. Ukifika dirishani sema mapema, "Mimi nina lupus, sitaki ya salfa." Daktari wako akikupa kwa sababu maalumu, hilo ni lenu wawili.

Kuhusu kuzaa nitakaa kidogo, maana naona wasichana mmeinua vichwa. Inawezekana. Mwiko ni kushtukiza. Lupus itulie angalau miezi sita, ndipo mpange. Maikofenoleti, dawa nyingine ya kuwatuliza sungusungu, inadhuru mtoto tumboni, lazima ibadilishwe mapema kabla ya mimba. Mimi nilihamishiwa azathioprini, ya kazi hiyo hiyo. Haidroksiklorokwini inaendelea, usiiache. Kwa ile damu yangu ya kuganda nilipewa aspirini ndogo na sindano ya heparini, ya kuzuia damu isigande, kila siku. Nilijichoma mwenyewe tumboni, kila usiku baada ya taarifa ya habari, mume wangu anageukia ukutani kwa sababu anaogopa sindano. Kuna wenye aina ya askari wa damu wanaoitwa anti-Ro. Mtoto wa huyo hufuatiliwa mapigo ya moyo tumboni, kwa kuwa wachache sana, kama 2 kati ya 100, moyo wao hushindwa kupiga sawasawa. Wangu alizaliwa wiki ya 36, kilo mbili na robo, analia kama spika ya msikiti. Ni yule pale nyuma mwenye gauni la njano, anayekula korosho badala ya kunisikiliza.

Uchovu. Hapa sina takwimu. Ni uchovu ambao usingizi hauutoi. Unaamka umechoka kuliko ulipolala, kikombe cha chai ni kizito. Vipimo vinaweza kuwa vizuri kabisa na bado uko hivyo. Waume, mama wakwe, mawifi, mtu akikwambia amechoka usimwangalie uso. Uso wa lupus ni mwongo. Mimi siku ninayopendeza kuliko zote ni siku niliyovimba.

Binti angeuliza tena, na figo zikifa? Baadhi yetu hufika huko. Kuna kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na gharama yake mnaijua. Bila bima ni kuuza shamba, halafu kuuza la pili. Kuna kupandikizwa. Mwaka 2017 mwimbaji Selena Gomez aliwaambia mashabiki amepewa figo na rafiki yake kwa sababu ya lupus, na mwaka huo huo, Novemba, Muhimbili wakapandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini. Nililia siku ile, ingawa figo zangu bado zinafanya kazi.

Na utafiti haujalala. Belimumabu, 2011, ilikuwa dawa mpya ya kwanza ya lupus kuidhinishwa Marekani baada ya zaidi ya miaka 50. Ikaja anifrolumabu 2021. Pale Erlangen, Ujerumani, madaktari walichukua chembe za kinga za wagonjwa wachache waliokuwa wameshindikana, wakazifundisha upya maabara, wakazirudisha; mwaka 2022 wakaripoti wagonjwa watano, wote lupus imetulia bila dawa. Watano tu, na bei yake hata Ujerumani ni balaa. Sikuja kuwauzia tumaini hewa. Nimetaja ili yule binti ajue kwamba miaka yake ishirini ijayo haitakuwa kama ishirini yangu.

Naona mratibu ananionyesha saa. Maswali nitayajibu chini ya mwembe, upande wenye kivuli. Aliye na kijitabu chake cha kliniki aje nacho tuangalie mkojo ulipimwa lini mara ya mwisho. Na wenye miavuli, tafadhali, tusubiriane mlangoni. Ni saa sita kasoro, na kutoka hapa mpaka mwembeni kuna hatua kama arobaini za jua.